Nadaiwa vidonge vitano na Mama

Wifi yangu aliviona siku ya Idd el-Fitr. Alikuwa akitafuta sukari ya chai ya wageni, akafungua kabati la vyombo, na badala ya sukari akakuta kopo la Blue Band ambalo halijaonja siagi tangu 2021. Ndani mlikuwa na vidonge vya Mama. Kando ya kopo kulikuwa na bahasha ndogo ya kaki ya duka la dawa, jina langu limeandikwa juu kwa kalamu ya bluu, na ndani yake vidonge vyangu. Vidogo, vya njano, vya mviringo. Jina moja na kipimo kimoja: letrozoli, miligramu 2.5.

Wifi yangu ana bando la intaneti na hana subira. Kabla pilau haijapakuliwa alishajua kwamba hiyo ni dawa ya kansa ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Kabla ya Alasiri, Iganga yote, huku mashariki mwa Uganda, au tuseme ile nusu ya Iganga ambayo ni ukoo wa mume wangu, ilishajua kwamba mke wa kaka yao ana kansa, au amekoma hedhi na miaka 33, au vyote viwili kwa pamoja, na kwamba ndiyo sababu mwaka wa sita huu hakuna mtoto.

Simlaumu sana. Usiku wa kwanza niliopewa dawa hiyo na mimi niliisoma ile karatasi iliyokunjwa mara nane ndani ya pakiti. Imeandikwa waziwazi: kansa ya matiti, wanawake waliokoma hedhi, isitumiwe na mjamzito wala anayeweza kupata mimba. Nikakaa kitandani nikijiuliza kama daktari ameandika jina la mgonjwa mwingine. Kuweza kupata mimba ndicho hasa kilichonipeleka kwake.

Niwaeleze kwanza vya Mama, maana vyangu vilikuja juu ya vyake.

Mama ni Mnubi wa Bombo. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa Mlugbara wa Arua na bwana stoo jeshini, kwa hiyo sisi tumelelewa kambini: Moroto, Mbarara, mwisho Jinja. Kiswahili ndiyo lugha iliyowakutanisha wazazi wangu, na ndiyo tuliyogombezwa nayo. Nasema hivi kwa sababu hapa kwetu bado kuna watu ukiwaongelesha Kiswahili wanashika mkoba. Wanakumbuka askari wa miaka ile, waliosema Kiswahili. Mama na gurbaba lake, vazi la Kinubi, kwenye foleni ya hospitali Kampala, akisalimia "shikamooni", watu wanageuka kuangalia kama amekuja kukamata mtu.

Uvimbe aliugusa Aprili 2020, wakati wa kuoga. Usafiri wa umma ulikuwa umepigwa marufuku tangu Machi kwa sababu ya korona. Ukitaka gari limpeleke mgonjwa, utafute kwanza barua ya RDC. Mama akaona uvimbe wa ukubwa wa punje ya njugu hautoshi kumsumbulia mkuu wa wilaya. Akanyamaza hadi Juni. Aliponiambia ulikuwa umefika ukubwa wa ndimu changa, na mimi ndiye niliyelia, yeye alikuwa anachambua maharage.

Sitasimulia upasuaji wala dripu za dawa ya kansa. Wanaojua wanajua. Tulikuwa tunapanda taksi alfajiri kutoka Jinja, tunavuka daraja jipya la Nile, tunapita msitu wa Mabira, na pale Namawojjolo vijana wanaposukuma mishikaki ya kuku na gonja, ndizi za kuchoma, dirishani Mama alikuwa anafunika pua kwa mtandio, kwa sababu harufu ya nyama ilimgeukia. Kilomita 80 tu, lakini foleni ya Mukono na ya Banda huifanya safari ndefu. Hadi Mulago, kwenye Taasisi ya Saratani, iliyoanza 1967 kwa kutibu saratani ya tezi za watoto. Mama alipenda kuambiwa hivyo. "Basi wana umri," alisema. "Si watu wa kujaribu."

Majibu ya kile kipande cha nyama yalikuwa na neno moja zuri: uvimbe ulikuwa na vipokezi vya homoni. Maana yake seli zile za kansa zilikuwa zinakula estrojeni, homoni ya kike. Kitu kinachokula unaweza kukinyima chakula. Ndipo Machi 2021, baada ya dripu na mionzi, akaanzishiwa letrozoli, kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano.

Mama aliuliza swali ambalo mimi sikulifikiria. "Daktari, hedhi yangu imekoma miaka kumi iliyopita. Hiyo estrojeni inatoka wapi?" Akaambiwa kwamba mwanamke akikoma hedhi ovari zinapumzika, ila tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa homoni za aina ya kiume kidogokidogo, na kwenye mafuta ya mwili, kwenye misuli, hata kwenye titi lenyewe, kuna kimeng'enya kinachoitwa aromatesi kinachozigeuza kuwa estrojeni. Letrozoli inakifunga mikono hicho kimeng'enya. Mama akajitazama kiunoni, akacheka. "Kumbe haya mafuta yalikuwa yanapika."

Baada ya hapo alihamia kwangu, Bugembe. Mume wangu ni Msoga, na ingawa ni Mwislamu kama sisi, mila ya mkwe hajaiacha nje ya mlango: hamkaribii Mama, hampi mkono, akimsalimia anachutama kule mlangoni kama aliyeangusha funguo. Mama, ambaye amezoea nyumba za kambini zenye ukuta mmoja kati ya familia mbili, anaona ni mchezo wa kuigiza. Lakini wanapendana kwa mbali hivyohivyo. Mume wangu ndiye anayenunua mukene, dagaa wa kwetu.

Mukene ni kwa ajili ya mifupa. Dawa hii, kwa vile inaondoa estrojeni karibu yote, inakausha mifupa taratibu, na inaleta joto la ghafla usiku, na maumivu ya viungo. Viungo ndivyo vilivyomshinda Mama. Ni fundi wa tabaga, yale makawa ya kufunikia chakula ambayo Wanubi tunayasuka kwa rangi. Amesuka tangu akiwa msichana Bombo. Mwaka wa pili wa dawa akaamka vidole vimekakamaa, hata sindano haikamati. Hakusema. Aliacha dawa wiki tatu, kimya, akawa anatoa kidonge kwenye kopo kila asubuhi na kukitia mfukoni ili nione vimepungua. Nilivikuta wakati wa kufua. Vingine vimeyeyuka kwenye kitambaa.

Tuligombana siku hiyo kuliko siku yoyote. Aliniambia, "Titi wamechukua sikulalamika. Sasa wanataka na vidole?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Daktari hakumkaripia, alisema wengi huacha kwa sababu hiyohiyo, akampa dawa ya maumivu, akamwambia atembee kila siku na akande vidole kwa maji ya moto kabla ya kusuka, na kwamba ikishindikana zipo dawa ndugu, anastrozoli na eksemesteni, ambazo mwili wake ungeweza kuzivumilia zaidi. Alirudi kwenye letrozoli. Tabaga moja sasa inamchukua miezi miwili badala ya wiki tatu.

Sasa mimi.

Hedhi yangu haijawahi kujua kalenda. Mara siku 45, mara miezi mitatu. Skani ilionyesha ovari zenye vifuko vidogovidogo vingi vimejipanga pembeni kama shanga, hali inayoitwa PCOS. Kwa lugha rahisi, mayai yapo mengi, ila hakuna linalokua likafika mwisho na kutoka. Miaka minne ya kwanza ya ndoa tulihangaika kama watu wote. Mama mkwe alileta mumbwa, vile vipande vya udongo vyenye mitishamba, nikanywa. Nikapewa Clomid, yaani klomifeni, dawa ya kuamsha mayai, na mtu wa duka la dawa bila kipimo chochote, nikapata maumivu ya kichwa tu. Mume wangu alichukua miezi minane kukubali kupima mbegu zake. Alipopima zikawa salama, akatembea wiki nzima kifua mbele kana kwamba alizishona mwenyewe. (Kina dada, mpeni mume kikombe cha kipimo mwanzoni kabisa. Msianze kumeza vitu kabla yeye hajapimwa.)

Daktari wa uzazi niliyempata mwishoni ndiye aliyeniandikia letrozoli: kidonge kimoja kila siku kwa siku tano, kuanzia siku ya tatu ya hedhi. Kesho yake nikarudi na ile karatasi mkononi na hasira. Nilimwambia Mama yangu anameza dawa hii kuua kansa, wewe unanipa mimi nizae?

Alieleza vizuri, lakini aliyenifanya nielewe ni Mama. Jioni nilimrudishia maelezo ya daktari huku akisuka, akanyamaza, kisha akasema: "Ni mambo ya stoo."

Ubongo, alisema Mama, ni afande. Kazi yake ni kuangalia stoo. Estrojeni ikiwa ya kutosha stoo, afande anakaa kivulini, hampigii mtu filimbi. Unapomeza kidonge, stoo inapungua ghafla. Afande anashtuka, anapiga filimbi kwa nguvu: ovari, amkeni, leteni mzigo! Ile filimbi ni homoni inayoitwa FSH, inatoka kwenye tezi chini ya ubongo. Kwako wewe, ovari zina askari vijana waliolala tu. Wakisikia filimbi mmoja anaamka, anakua, na yai linatoka. Siku ya tano unaacha dawa, stoo inajaa tena, afande anatulia kabla hajaamsha kikosi kizima. "Lakini kwangu," akasema, "ovari ni wastaafu. Afande apige filimbi mpaka mapafu yapasuke, hakuna anayesimama. Kwa hiyo stoo inabaki tupu, na kansa inalala njaa."

Baba angemsikia angempandisha cheo.

Mfano huo ulinisaidia kuelewa na jambo jingine nililoliona kliniki. Kulikuwa na dada wa miaka 38 aliyekuwa na kansa kama ya Mama, ila yeye alikuwa anapewa tamoksifeni, na alikuwa ananung'unika kwamba hapewi ile dawa ya wazee. Tamoksifeni haimalizi stoo. Yenyewe inaziba mdomo wa seli ili isile. Mwanamke ambaye ovari zake bado ni vijana hawezi kupewa letrozoli peke yake kwa ajili ya kansa, kwa sababu afande atapiga filimbi, ovari zitaitika, na stoo itajaa kupita mwanzo. Ni lazima kwanza ovari zilazwe kwa sindano au ziondolewe. Kwa hiyo atakayesoma hapa akaona "kidonge ni kilekile", asije akampa dada yake cha shangazi.

Kuhusu hofu ya karatasi, nimesoma usiku mwingi kuliko nilivyosomea mtihani wowote. Dawa iliruhusiwa Marekani mwaka 1997, kwa kansa. Waliokuja na wazo la kuitumia kuamsha mayai ni madaktari wa Toronto, Mitwally na Casper, waliochapisha mwaka 2001. Mwaka 2005 kukatolewa taarifa kwenye mkutano wa Montreal kwamba watoto wa dawa hii huzaliwa na kasoro zaidi. Ilitisha dunia, na kampuni yenyewe iliyoitengeneza ikaonya isitumiwe hivyo. Mwaka uliofuata utafiti mwingine wa Kanada ulilinganisha watoto 911, wa letrozoli na wa klomifeni, na haukuona kasoro zilizozidi upande wa letrozoli. Lakini hofu ina miguu mirefu: India iliipiga marufuku kwa wagumba mwaka 2011 na ikachukua miaka kadhaa kuirudisha. Daktari wangu aliniambia jambo lililonituliza zaidi ya hayo yote: nusu ya dawa hutoka mwilini kwa siku mbili hivi. Nikimeza cha mwisho siku ya saba ya mzunguko, hadi yai litoke na kukutana na mwenzake na kutafuta mahali pa kujishika, dawa karibu yote imeshaondoka. Ndiyo maana kila mwezi kabla ya kidonge cha kwanza ananipimisha mimba, hata kama naona damu kwa macho yangu. Mjamzito kweli haruhusiwi. Karatasi haikudanganya, ilikuwa inazungumza na Mama.

Na utafiti mkubwa wa 2014, wanawake 750 wa Marekani wenye PCOS kama mimi, hadi mizunguko mitano: waliozaa kwa letrozoli walikuwa asilimia 27.5, kwa klomifeni 19.1. Mume wangu alipoona akashangilia. Mimi nikahesabu waliobaki.

Mzunguko wa pili ndio wa deni. Siku ya tatu iliangukia Jumapili, na Jumamosi nilizunguka maduka yote ya dawa Jinja ninayoyajua, hakuna. Mama alinisikia nikimlalamikia mume wangu. Akaenda kabatini, akarudi na kopo la Blue Band, akalifungua mbele yangu kama mtu anayetoa dhahabu ya harusi. "Chukua vitano. Nina zaidi ya ishirini."

Nilikataa. Kuna kitu kilikataa ndani yangu, si akili. Vidonge vile vilikuwa vya kumfanya yeye asife. Nikampigia daktari nikitumaini atakataa. Akaniambia nimsomee jina, kipimo na tarehe ya kuisha, akanyamaza kidogo, akasema ni dawa ileile, meza, ila vya mama yako virudishwe kabla ya wiki kwisha na yeye asiruke hata siku moja. Mama alinihesabia mkononi: wai, tinen, talata, arba, kamsa, kwa Kinubi, kama alivyokuwa akinihesabia shilingi za kwenda dukani.

Jumanne nilivirudisha, nimevinunua Wandegeya, Kampala. Lakini kimoja kilikuwa kimepasuka njiani, nikamrudishia vinne na vipande viwili. Vipande havitaki.

Ningependa kuwaambia kwamba vidonge vile vya Mama ndivyo vilivyofanya kazi. Havikufanya. Skani ya siku ya 12 ilionyesha shanga zilezile, hakuna iliyokua. Tukapanda hadi vidonge viwili kwa siku. Mzunguko wa tatu kifuko kimoja kilifika milimita 19, daktari akanigeuzia kioo nikione, cheusi, cha mviringo, nikalia kwa kitu ambacho hata si mtoto. Yai lilitoka. Mimba haikuja. Wa nne vivyo hivyo.

Wifi, nirudi kwake. Nilimwita jikoni Idd ikiwa haijaisha, nikamweleza stoo na afande. Alisikiliza. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo kama hicho kidonge kinasaidia mtu ambaye hedhi yake inaruka miezi minne, maana yeye hajawahi kumwambia mtu. Mwanamke ana miaka 29 na mtandao mzima wa ukoo mfukoni, na hilo hakuwahi kulituma popote. Nilimpa namba ya daktari. Nilimkataza kugusa bahasha yangu.

Sasa ni mzunguko wa tano. Leo ni siku ya 24. Lililokua lilifika milimita 20 na limeshatoka, kilichobaki ni kusubiri. Mama amebakiza hadi Machi ijayo kutimiza miaka mitano, na daktari wake ameanza kuzungumzia kama aache au aongeze. Kalenda ya ukutani ni moja: yeye anapiga mkasi (X) kila tarehe akimeza, mimi nazungushia duara siku ya tatu. Haniulizi. Naona tu anaitazama kalenda kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kupiga mkasi mmoja.

Jana nilitoka Kampala na pakiti yake mpya ya vidonge 30. Alikaa mkekani akavihesabu vyote, kimoja kimoja, kwa vidole vile vilivyokakamaa, akavitia kwenye kopo, akafunika. Kisha akasema bado anadai kimoja.